Kila Nusu Saa Mashine Iliandika SAWA

Gesare mwanangu,

Ni saa kumi alasiri. Wewe na mama yako mmeenda kumuaga magokoro, na namjua nyanya yako, hatawaachilia kabla hajawalisha. Basi nina saa mbili, pengine tatu, za kukaa na karatasi hii peke yangu. Mvua inakuja kutoka upande wa Manga na nyumba imeanza kuwa na giza mapema.

Sitakuambia ubebe sweta. Mama yako ameshazikunja mbili, moja ameificha chini kabisa ya begi ili usiitoe. Sitakuambia habari za kanisa, wala za wavulana, wala za kula vizuri. Hayo umeyasikia mpaka unayamalizia mwenyewe kabla hatujafika mwisho wa sentensi. Nataka kukuambia kwa nini Anti Nyaboke, dada mkubwa wa mama yako, hajakanyaga nyumba hii tangu ulipokuwa darasa la nne. Umeniuliza mara mbili. Mara ya kwanza nilisema ana kazi nyingi. Mara ya pili nikasema ni mambo ya watu wazima. Ulinitazama, hukuuliza tena.

Nimechagua Kiswahili kwa makusudi. Kwa Ekegusii ningelia kabla sijafika nusu, na kwa Kiingereza ningejificha nyuma ya maneno ya kazi.

Kesho unaenda kuanza kutunza kompyuta za zahanati. Nilifanya kazi hiyohiyo, hilo unalijua. Unajua nilikuwa fundi wa kompyuta katika hospitali moja ya misheni, na unajua kwamba niliondoka. Uliambiwa nilichoka. Sikuchoka.

Katika wodi ya kujifungulia ya hospitali ile kulikuwa na friji ya dawa. Humo iliwekwa ile sindano anayodungwa mama akishazaa, ili mfuko wa uzazi ukaze na damu isimwishe. Dawa hiyo haitaki joto. Ikikaa kwenye joto wiki baada ya wiki inapoteza nguvu, na ukikishika kichupa chake mkononi huwezi kujua. Maji yake ni yaleyale, maandishi ni yaleyale.

Nilitia kipimajoto cha waya ndani ya friji, nikakiunganisha na kompyuta kuukuu, kisha nikaandika skripti. Wewe unajua skripti ni nini. Mama yako, kama atasoma, ni karatasi ya amri unayoiachia kompyuta iifuate hata usipokuwepo. Yangu ilikuwa na mistari kama ishirini. Kila nusu saa isome joto la friji. Joto likizidi nyuzi nane, ipige king'ora na initumie ujumbe kwenye simu. Vinginevyo iandike neno moja kwenye skrini: SAWA.

Ilifanya kazi. Siku moja stima ilipotea, ikarudi kwa kishindo, friji ikafa. King'ora kikalia, wauguzi wakahamisha dawa zote, hakuna kilichoharibika. Asubuhi yake, katika ibada ya wafanyakazi, mchungaji aliniombea kwa jina. Nilipenda kusikia jina langu likitajwa mbele ya madaktari. Nakuambia hivyo ili usidhani yaliyofuata yalitokana na ujinga peke yake.

Hospitali ilikuwa na zahanati tatu ndogo. Moja ilikuwa juu huko, upande wa Nyansiongo, katikati ya mahindi na majani chai. Muuguzi mkuu wake alikuwa Anti Nyaboke. Wewe unamkumbuka kwa maandazi na kwa vile alivyokuwa akikunyanyua mpaka ukagusa dari. Mimi namkumbuka kwa mikono yake. Alikuwa akiiosha mpaka kwenye viwiko, polepole, hata kama anaenda tu kufungua dirisha. Usiku uliozaliwa wewe, mikono hiyo ndiyo iliyokupokea. Kwenye mlango wa friji yake alikuwa amebandika karatasi yenye safu mbili, asubuhi na jioni. Kila siku aliingia na kipimajoto chake cha kioo, akasoma, akaandika kwa kalamu ya bluu. Hakuna siku iliyorukwa. Nilizipitia karatasi zile baadaye, za miaka. Hakuna.

Wakubwa wakaniambia nipeleke mtambo wangu kule kwake.

Ilikuwa Ijumaa. Tulifika saa tisa na nusu kwa gari la hospitali. Unajua Ijumaa ya nyumba yetu ilivyo, jua likizama Sabato imeingia, na nilitaka linikute nimeoga na niko nyumbani. Dereva naye alikuwa Msabato. Hakuzima hata injini.

Kompyuta ya kule ilikuwa imetolewa na wahisani. Ilikuwa ya aina nyingine, nyepesi, iliyopangwa na mtu mwingine kwa namna yake. Niliona tofauti hiyo kwa macho yangu, Gesare. Skrini haikufanana na yangu, mafaili hayakukaa nilikozoea. Nikajiambia kwamba ndani zote ni moja. Nikanakili skripti yangu kama ilivyokuwa, nikaiwasha, nikangoja. Ikaandika SAWA.

Anti Nyaboke alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Shemeji," akasema, "hii inasema sawa. Na isipokuwa sawa?"

"Italia. Utaisikia mpaka shambani."

"Basi tuisikie." Akafungua friji, akaushika ule waya. Alitaka kukitoa kipimajoto akifumbate kiganjani kipate joto.

Nje dereva akapiga honi. Nikatazama dirishani. Jua lilikuwa limeshuka mpaka kwenye mikalitusi.

"Wacha Jumatatu," nikamwambia. "Nitakuja tuijaribu polepole. Na hii karatasi yako sasa unaweza kupumzika nayo. Mashine haichoki, haisahau."

Alinitazama kidogo, akaurudisha waya ndani, akafunga mlango wa friji.

"Wewe ndiye fundi," akasema.

Sikurudi Jumatatu. Wala usidhani naisingizia Sabato. Sabato ilipita, Jumatatu ikaja, na zikaja Jumatatu nyingine nane baada ya hiyo. Kila moja nilikuwa na sababu nzuri. Na kila nilipopiga simu kuuliza, muuguzi yeyote aliyepokea alinijibu vilevile: iko sawa, fundi, inaandika sawa.

Kiangazi kilikuwa kikali mwaka ule. Hata Nyansiongo, ambako watu huvaa koti hadi saa nne asubuhi, mabati yalikuwa yakilia kwa joto mchana. Sijui ni siku gani friji ile iliharibika. Hakuna anayejua. Taa yake ya ndani iliendelea kuwaka na mota iliendelea kunguruma, ila ubaridi ulikuwa umekwisha. Zahanati ilikuwa na wauguzi wawili tu na wagonjwa tangu asubuhi. Mtu alifungua, akachukua kichupa, akafunga. Karatasi ya mlangoni haikuandikwa tena tangu Ijumaa ile, na juu ya meza skrini ilikuwa na neno lake.

Siku moja ya Sabato, adhuhuri, aliletwa mama mmoja aliyeitwa Bosibori. Alikuwa mwalimu wa chekechea, uzazi wake wa pili, mtu mzima wa afya. Alijifungua mtoto wa kike bila taabu. Anti Nyaboke alimfuta mtoto, akampa mamake. Kisha damu ikaanza, na haikukoma.

Alimdunga sindano. Akangoja, mkono wake ukiwa juu ya tumbo, akisubiri kulisikia likikaza kama alivyolisikia likikaza mara mamia. Halikukaza. Akamdunga ya pili. Alimkanda, akabonyeza kwa ngumi, akamwambia mwenzake akatafute gari. Gari lilipopatikana walimpakia nyuma, na Anti akapanda naye. Bosibori alifariki kabla hawajafika kwenye lami. Alikuwa amemuuliza Anti kama mtoto amefunikwa vizuri.

Anti alirudi zahanati na nguo zilezile. Hakubadilisha. Alikwenda moja kwa moja kwenye friji, akaingiza mkono. Ilikuwa kama kabati. Akafungua droo, akatoa kile kipimajoto chake cha kioo, akakiweka ndani, akangoja. Nyuzi ishirini na saba. Akainua macho kwenye skrini. SAWA.

Mwenzake alinisimulia kwamba hakupiga kelele. Alivuta kiti akakaa mbele ya mashine ile, mlango wa friji ukiwa wazi, akangoja nusu saa ipite aone. Nusu saa ikapita. Mashine ikaandika tena, SAWA.

Ndipo akanipigia simu. Simu yangu ilikuwa imezimwa, kama inavyozimwa kila Sabato. Nilipoiwasha jua lilipozama nilikuta amenitafuta mara tisa.

Kamati iliketi wiki iliyofuata. Niliagizwa nichapishe kumbukumbu za mashine. Nilileta bunda la karatasi, kurasa kwa kurasa za neno moja na saa pembeni yake. Sikuwa nimeiagiza skripti iandike joto lenyewe, Gesare. Niliona neno linatosha. Anti alikaa upande wa pili wa meza, ameshikanisha mikono. Alisema, "Hiyo mashine inadanganya." Mwenyekiti akanigeukia.

"Fundi, mtambo huu unaweza kuandika sawa hali friji imeharibika?"

"Haiwezekani," nikasema.

Wakati huo niliamini. Hilo neno sijalihesabu kuwa uongo, ingawa ndilo lililomwangusha. Kamati ikasema kwamba ikiwa friji ilikuwa baridi wiki zote hizo, basi dawa iliachwa nje na aliyeitumia, na friji iliharibiwa baadaye ili kufunika kosa. Wakamsimamisha kazi.

Siku ya Jumatano nilipanda Nyansiongo peke yangu. Sijui kwa nini nilienda. Nadhani ni yale macho ya Anti kwenye kamati. Nikakitoa kipimajoto, nikakifumbata kiganjani kama alivyotaka kufanya yeye. Nikaiambia mashine isome. Joto la kiganja changu lilipita nyuzi thelathini. Ikaandika SAWA.

Nikawasha kibiriti, nikakisogeza karibu. SAWA.

Kosa lenyewe utalielewa haraka kuliko nilivyolielewa mimi, lakini nataka mama yako pia alielewe. Kila kompyuta ina msomaji wake wa amri. Ile ya hospitali ilikuwa na msomaji mwenye maneno mengi, na mimi nilikuwa nimejifunzia kwake, nikadhani maneno yake ni ya wote. Swali la kama joto limezidi nililiandika ndani ya mabano ya mraba mawilimawili, kama nilivyozoea. Kwenye mstari wa kwanza, pale unapotaja msomaji unayemtaka, niliandika lile jina fupi linalopatikana kwenye kila mashine. Kule hospitalini jina hilo lilimwita msomaji wangu. Nyansiongo lilimwita mwingine, mkavu, wa maneno machache, ambaye mabano yale hakuwahi kuyaona. Kila nusu saa alifika kwenye swali akasema, amri hii siijui. Na kwa kuwa swali halikupata jibu la ndiyo, alishuka kwenye vinginevyo. Vinginevyo ilikuwa SAWA.

Alikuwa akisema, Gesare. Kila nusu saa, mchana na usiku, wiki tisa, mashine ile ilikuwa ikisema kwamba haielewi. Sikuisikia kwa sababu kule hospitalini waya ulikuwa na tabia ya kulalamika ovyo, malalamiko yakanichosha, nikaandika mwishoni mwa mistari yangu kwamba lalamiko lolote litupwe lisionekane popote. Nilipoiondoa amri hiyo siku ile, skrini ilijaa.

Kurekebisha kulinichukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Nikaijaribu. King'ora kikalia mpaka muuguzi mpya akaja mbio, ameshika kifua.

"Kuna nini?"

"Hakuna," nikasema. "Najaribu tu."

Nikaizima, nikafunga begi, nikateremka. Sikumwambia mtu. Na kwa kuwa nilikuwa nimeandika juu ya ile mbovu, kosa lenyewe halikuwa tena mahali popote kule.

Nimekaa miaka nikitafuta sababu ya kukupa, na kila ninayoipata ni nyembamba. Nilijiambia nitasema Ijumaa. Kisha nikajiambia kamati itamrudisha yenyewe. Kisha ikawa nimechelewa mno, na kusema kungemaanisha kueleza pia kwa nini nilinyamaza. Niliogopa jina langu, lile lililotajwa ibadani. Mama yako alikuwa akilia jikoni. Jioni moja, tuko mezani, wewe upo, unachora kwenye daftari, akasema, "Dada yangu hawezi kuacha dawa nje. Namjua. Hawezi." Nikameza kilichokuwa mdomoni nikamjibu, "Hata mtu mwangalifu huchoka." Nimesema mengi mabaya maishani. Hilo ndilo ninaloamka nalo.

Anti alikuja hapa mara moja ya mwisho. Ilikuwa Jumapili. Wewe ulimkimbilia, akakubeba, lakini hakukurusha juu. Alikushusha, akakutuma ndani ukamletee maji. Tukabaki wawili mlangoni.

"Shemeji, uliiangalia ile mashine?"

"Niliiangalia."

"Na?"

"Iko sawa," nikamwambia.

Na ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeitengeneza. Alinitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo sana. Ulipotoka na kikombe cha maji alikuwa ameshafika kwenye lango, na ukaniuliza kwa nini hakungoja.

Uongozi ulimwachisha kazi kabisa. Hakuna zahanati nyingine iliyomtaka. Akaanza kuuza ndizi sokoni Nyakoe, na mama yako akawa anamwendea huko peke yake.

Ungedhani ningesema nilipomwona na mzigo wa ndizi mgongoni. Sikusema. Kilichonifungua mdomo kilikuja baada ya mwaka na zaidi. Kulikuwa na fundi mwenzangu kijana aliyeitwa Ombati, mchapakazi, mtu wa kucheka. Tulikuwa tukinywa chai, akaniambia kwa furaha kabisa, "Kaka, ile skripti yako ya friji nimeipeleka zahanati ya upande wa Ikonge. Miezi mitano sasa. Haijasumbua hata siku moja. Kila siku SAWA."

Kikombe nilikiweka chini. Nikamuuliza aliitoa wapi.

"Kwenye mashine yako ya hospitali. Nilinakili tu. Kwako si ilikuwa inafanya kazi?"

"Uliijaribu ikilia?"

"Ilie kwa nini na friji iko poa?"

Nilipanda bodaboda kutoka pale pale, nikiwa na sare ya kazi. Njiani mvua ilinipiga na sikumwambia mwendeshaji asimame. Nilipofika sikusalimu. Nikafungua friji, nikakitoa kipimajoto, nikakifumbata. SAWA. Nikaingiza mkono wote ndani mpaka begani, kama kichaa, na friji ilikuwa baridi. Ilikuwa nzima. Miezi mitano ilikuwa nzima kwa bahati tu, na katika miezi hiyo wanawake walikuwa wamezaa pale. Nilikaa sakafuni. Msichana wa mapokezi akaniletea maji, akafikiri nimepandwa na presha.

Niliandika barua kwa uongozi wa hospitali siku iliyofuata. Niliandika yote, hata yale ya Jumatano. Ndiyo sababu niliondoka. Anti aliandikiwa barua ya kumsafisha jina na kuitwa arudi kazini. Hakurudi.

Nilienda kwa mume wa Bosibori. Nilimkuta anakata majani ya ng'ombe. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kwa sababu hakunipa kiti na sikustahili kukiomba. Mtoto alikuwa anatembea sasa, ameshika suruali yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza mambo mawili.

"Kwa hiyo ile mashine ilikuwa inaliona joto?"

"Ndiyo."

"Na ikasema sawa."

"Ndiyo."

Akainama, akaendelea kukata majani.

Kisha nikaenda Nyakoe. Anti alikuwa anapanga ndizi zake chini, juu ya gunia. Nilimwambia kila kitu, watu wakipita katikati yetu wakiuliza bei. Nilifikiri atanitukana. Nilitaka anitukane. Aliendelea kupanga mpaka nikamaliza, kisha akaitazama mikono yake.

"Unajua nilianza kuwaamini wale wa kamati?" akasema. "Mwezi wa kwanza nilijua ni uongo. Wa pili nikaanza kujiuliza. Kufikia Krismasi nilikuwa nakumbuka kabisa, naona kabisa, mimi nikiviacha vile vichupa juu ya dirisha. Naliona jua limevipiga. Kitu ambacho hakikutokea, shemeji, nakikumbuka. Mpaka leo. Kazini nirudi na mikono gani? Mimi mwenyewe siiamini."

Hilo ndilo nililolivunja. Sikujua kwamba linavunjika.

Sasa unajua nilikuwa naenda wapi Jumapili zile nilizokuwa nikiondoka peke yangu. Ulidhani natafuta kazi. Ombati alikuwa amewapa rafiki zake wawili skripti ile, na wao wakawapa wengine, kwa wema tu, kama watu wanavyopeana mbegu. Nilienda nilikoweza kufika, nikakitoa kila kipimajoto nikakifumbata. Mara tatu niliikuta. Mmoja wa wale vijana alikuwa amehamia mbali, namba yake haikupatikana tena. Mwingine alisema alimpa mtu asiyemkumbuka jina. Kuna mahali sikufika. Sijui ni wapi wala ni ngapi. Wakati mwingine nikiwa natazama ng'ombe au nikiwa kanisani nasikia saa imepiga nusu, na najua kwamba mahali fulani, kwenye chumba ambacho sitakiona, neno lile linaandikwa.

Wiki iliyopita nilienda Nyakoe kumpa Anti habari za kazi yako. Alifurahi, kweli alifurahi, akanipa mkungu nikuletee. Kisha akauliza, "Ni kazi gani hasa?" Nikamwambia, kompyuta za zahanati. 

"Gesare anajua?"

"Hajui."

"Basi bado unaninyamazia," akasema, akamgeukia mteja.

Nilirudi nikiwa nimeamua kukuambia kwa mdomo. Siku tatu sikuweza. Halafu Jumapili ukaja kwangu na flashi mkononi, unacheka. "Tata, nimebeba skripti zako zote za zamani. Nitazitumia kule, sitahangaika kuandika upya." Na kwenye chakula ukamweleza mama yako kwamba kompyuta za huko unakoenda ni za kupewapewa, hazifanani hata mbili. Nilisimama nikaenda nje. Mlidhani nimesikia ng'ombe.

Jana ulipoenda saluni niliifungua flashi hiyo. Imo. Ile yenyewe, ya kutoka mashine ya hospitali, na mabano yake, na ule mkia unaotupa malalamiko. Ile niliyoirekebisha ilibaki Nyansiongo. Kwenye kompyuta yangu nilikuwa nimeacha mbovu miaka yote hii, kwa jina lilelile, kwa sababu sikuweza kuitazama hata kwa muda wa kuifuta.

Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Ningeifuta na usingejua. Ungefika kule salama, ungeandika ya kwako, na labda ungeijaribu vizuri na labda honi ingepigwa nje. Nikatoa kidole. Nilisharekebisha kosa hili kwa siri mara moja.

Kwa hiyo bado imo mfukoni mwa begi lako, haijaguswa. Kesho saa mbili unaondoka nayo, au huondoki nayo. Ni yako kuamua. Kama una swali la kuniuliza, lolote, hata lile unaloona aibu kumuuliza babako, niulize leo kabla hatujalala.

Nasikia lango. Mama yako anacheka kitu ulichosema. Nitaiweka barua hii juu ya kitanda chako na kwenda kukamua. Ukimaliza kuisoma, mpe naye. Mengi ya humu anayajua. Yale ya Jumapili, mimi na dada yake mlangoni, hajawahi kuyasikia.

Niko zizini, nawangoja.

Tata